Fundi wa Mwezi wa Shaabani

Katika miaka yake yote ya upolisi, Sajini Noa Shemdoe alikuwa amesikia malalamiko ya kila namna mjini Tanga: kuku aliyeibwa, mume aliyetoroka, hata jini aliyekataa kuhama darini. Lakini mtu kuingia nyumba ya watu wasipokuwepo, akaitengeneza, kisha akaenda zake, hilo lilikuwa jipya. Inspekta, Mzungu mwenye masharubu ya rangi ya kutu, alicheka mpaka akakohoa, halafu akamkabidhi Noa kazi hiyo kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, na polisi wenzake wote walikuwa wakikimbizana na uvumi wa watu waliovuka mpaka kutoka Kenya.

Noa hakucheka. Jambo asilolielewa lilimwasha kama upupu, na dawa yake ilikuwa moja tu: kwenda kulitazama.

Mwenye malalamiko alikuwa Mwanamkasi binti Shekhe, mjane wa Chumbageni. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka thelathini na kitu, sauti ya chini, macho yasiyokwepa. Alimpokea sajini uani kwake, kajitanda kanga barabara, na shangazi yake Bi Kijakazi kaketi mkekani karibu akisuka ukili kwa kupapasa, maana macho yalikuwa yamemwisha.

"Haya, nionyeshe alichokifanya," Noa alisema baada ya kumwamkia bibi.

"Mwaka huu kisima. Mwaka jana ukuta ule wa nyuma, ulikuwa umepasuka. Mwaka juzi paa la jikoni." Alikuwa akionyesha kwa kidevu. "Kila Shaabani, sajini. Mimi na shangazi twenda kwetu Mtang'ata kuzuru makaburi ya wazee. Twasoma hitma, twakaa kidogo. Tukirudi, kilichokuwa kibovu kimepona."

"Na kilichoibwa?"

"Hakuna."

"Hata kijiko?"

"Kijiko nimeongezewa. Nimekuta mwiko mpya umetundikwa jikoni."

Bi Kijakazi alicheka mkekani. "Mwizi wa namna hiyo, sajini, mwenzio namwombea maisha marefu."

Mwanamkasi hakucheka. "Mwaka juzi nilidhani ni jirani kanionea huruma. Mwaka jana nikanyamaza. Mwaka huu siwezi, shemeji yangu, Shehe jina lake, kanishtaki kwa Liwali. Asema nimeweka mwanamume katika nyumba ya ndugu yake. Kesi ni Jumatatu. Nikishindwa, natoka."

Noa akamtaka aeleze habari ya nyumba, naye akaeleza. Aliijenga mumewe, Uweso bin Jumbe, mwashi na seremala, kwa mikono yake mwenyewe, kabla hajajiunga na jeshi la Keya na kupelekwa vitani Bama, nchi ya mbali kupita Bara Hindi. Jeshi lilimweka katika kikosi cha wahandisi, wajenzi wa madaraja. Hakurudi. Mtoto hawakujaliwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya urithi ilikuwa ya Shehe, lakini wazee walimsihi amwache mjane akae humo maadamu hajaolewa. Sasa Shehe alikuwa amepata sababu.

Sajini akaanza kazi. Mlango wa ua haukuvunjwa. Komeo lilikuwa la mti, la kufungia kwa ndani, maana wenyewe wakisafiri hutoka kwa mlango wa mbele na kuutia kufuli, na Noa alihangaika nalo kwa nje mpaka jasho likamtoka asiweze kulinyanyua. Aliyeingia hakupanda ukuta, maana juu yake palikuwa na vigae vya chupa na hata kimoja hakikutikiswa. Basi mtu huyo alijua siri ya komeo.

Kisimani palisimamishwa nguzo mbili za mkoko, na kati yake gogo la kuzungushia kamba, lenye mpini wa chuma. Nguzo zilifungwa kwa waya. Noa alipitisha kidole juu ya waya ule akashangaa: hakuchomwa popote. Kila ncha ilikuwa imekunjwa kwa ndani, ikagongwa, ikalala. Aliwahi kuona kazi kama hiyo mahali, ila hakukumbuka wapi.

Kisha akajaribu mpini. Yeye ni mtu mrefu, ikambidi ainame mpaka kiuno kikalalamika.

"Mbona chini hivi? Hebu teka wewe."

Mwanamkasi akateka. Mpini ulimjia sawasawa, upande wa kulia, akauzungusha kwa mkono mmoja. Wa kushoto aliuweka kifuani, ndani ya kanga.

"Huo mwingine vipi?"

"Haupandi. Nilianguka nikimpokeza marehemu makuti, mwaka tuliooana. Ulivunjika, ukaunga vibaya."

"Nani ajuaye?"

"Shangazi. Na marehemu."

"Shehe je?"

"Shehe hajui hata kama nimekula."

Noa akaenda kwenye ukuta wa nyuma. Kiraka cha mwaka jana kilikuwa cha chokaa nzuri, kimesuguliwa kwa subira. Alikikwangua kwa ukucha, akakisogeza kiganja juani, na vumbi likametameta. Ulanga. Kwao Usambaa, walipokuwa wadogo, walikuwa wakiuokota mtoni na kujibandika usoni wakicheza maharusi. Waashi wa Tanga walichimba mchanga wao karibu na mji, nao haukuwa na hata chembe ya kung'aa. Mchanga huu ulishuka kutoka milimani, ukabebwa kwa makusudi mpaka Chumbageni, na mtu habebi mchanga mbali hivyo isipokuwa ndio pekee alio nao kwake.

Alipokuwa akijipangusa mikono, Mwanamkasi alimsogelea, akanong'ona ili shangazi asisikie.

"Sajini, watu hurudi?"

"Watu gani?"

"Waliokwenda vitani."

Noa alimtazama. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini mwaka jana mwanamke huyu alinyamaza, na kwamba kesi ya Liwali ilikuwa nusu tu ya kilichomleta polisi.

"Si uliletewa habari kwamba kafa?"

"Nililetewa. Kafa maji. Nikakaa eda, nikaimaliza, watu wakaja kuniposa nikawarudisha. Kichwa kilikubali. Moyo ndio nakuuliza wewe."

Sajini alikuwa mtu asiyependa kuwatia watu moyo kwa maneno ya kubuni. Alisema tu kwamba atafanya kazi yake.

Shehe alikuwa akimngoja kwenye kona ya mtaa, kanzu yake nyeupe pe, kofia ya kiua imekaa kichwani kama ya bwana harusi. Hakuwa mtu mbaya wa sura. Alikuwa mtu aliyengoja nyumba muda mrefu.

"Usijisumbue, sajini," alisema. "Mtu mwenyewe namjua. Abrahamu, yule mwashi wa bara aliyepanga nyumba ya pili. Mwashi bila mke, mjane bila mume, ukuta mmoja kati yao. Wataka ushahidi gani tena?"

Noa alimkuta Abrahamu juu ya jukwaa, akipiga lipu ukuta wa duka la Mhindi. Alikuwa kijana mwenye mabega mapana, naye alishuka kwa hofu ya mtu ambaye polisi hawajawahi kumletea habari njema.

"Kisima cha Bi Mwanamkasi umekitengeneza wewe?"

"Mimi? Mzee wangu, mimi kisima nakiogopa hata kuchungulia. Mdogo wangu alitumbukia."

"Na ukuta wake wa nyuma?"

Abrahamu akamwonyesha karai lake. Lilikuwa na saruji, na magunia matupu ya saruji yalikuwa yamelala chini ya jukwaa. "Tajiri hataki chokaa siku hizi. Asema ya kizamani."

"Shaabani ilipofika nusu ulikuwa wapi?"

"Shaabani ndiyo lini?"

Noa akapiga hesabu kichwani. Mwaka ule nusu ya Shaabani na Pasaka zilikuwa zimekaribiana. "Pasaka."

Uso wa Abrahamu ukafunguka. "Pasaka nilikuwa kwetu, namsimamia mtoto wa dada yangu ubatizo. Padri yupo, muulize. Kanisa zima lilinisikia nikiimba, na wengine hawajanisamehe mpaka leo."

Noa aliamini. Hata hivyo alimpelekea padri swali kwa simu, akajibiwa kesho yake kwamba kijana alikuwepo, na kwamba ni kweli aliimba. Shehe akabaki na kofia yake bila mtuhumiwa.

Siku iyo hiyo ya jibu la padri, Noa alirudi Chumbageni, Mwanamkasi akiwa sokoni. Alimtaka Bi Kijakazi. Mtu asiyeona, akikaa mlangoni kutwa, husikia mengi, na hakuna anayemuuliza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, sajini. Leo umevaa viatu vingine."

"Wewe umeishi hapa tangu lini?"

"Tangu msiba. Mwanangu yule alipoletewa habari nikaja kutoka Mtang'ata kukaa naye edani. Hata huyo Uweso simjui vema. Nilimwona siku ya harusi tu, kijana kanyoka, asema taratibu. Siku hizo nikiona kidogo, vivuli vivuli."

"Katika siku za eda, wanaume walikuja?"

"Walikuja wengi kutoa pole. Mlangoni basi, ndani hapitwi. Mwanamke yumo edani haonani na wanaume."

"Askari je?"

Vidole vya bibi vilisimama kwenye ukili. "Askari alikuja mmoja. Namkumbuka kwa sauti, ilikuwa yakwaruza kama mtu kameza mchanga. Akapiga hodi, akamtaka mwenye nyumba. Nkamwambia, mwanangu, mwenye nyumba yumo edani, haonani na wanaume. Akanyamaza. Nkamwambia mumewe kafa, Mungu amrehemu. Basi kanyamaza tena mpaka nkadhani kaondoka. Kisha akaniuliza, 'Alikuwa mwema kwake?'"

"Alikuuliza hivyo?"

"Hivyo hivyo. Nkamwambia mwema sana, na akimpenda. Akaomba maji. Akanywa, akakaa hapo barazani, akakaa, akakaa. Kisha akaenda zake."

"Jina?"

"Hakutaja. Nami sikuuliza, watu wa msiba hawaulizwi."

Noa alitoka hapo akitembea polepole. Askari anayekuja kutoa pole kwa mke wa mwenzake humtaja mwenzake. Husema tulikula pamoja, tulilala handaki moja, alikuachia salamu. Hamuulizi bibi wa mlangoni kama marehemu alikuwa mwema. Swali lile lilikuwa la mtu asiyemjua marehemu hata kidogo, na bado jibu lake lilimkalisha barazani muda wote ule.

Alipofika soko la samaki ndipo waya ule ulipomrudia. Ncha zilizolazwa kwa ndani! Mwaka uliopita alipanda njia ya Amani akimsaka mwizi wa mbao, akavuka mto Sigi kwa daraja la kamba za chuma karibu na kiwanda cha kupasulia mbao. Alitelezesha kiganja chake juu ya waya zile kutoka ng'ambo hadi ng'ambo bila kuchomwa. Na Sigi, kingo zake zote, ni mchanga wa ulanga.

Jumapili asubuhi alipanda basi hadi Muheza, na kutoka hapo akabebwa na lori la mbao lililokuwa likirudi tupu, amekaa juu ya minyororo, mvua ya masika ikimpiga na kumwacha. Kiwandani aliuliza nani hufunga waya za daraja, wakamwambia anayemtaka ni Koplo, fundi wao wa mitambo. Mtu wa wapi? Hawakujua. Alifika baada ya vita na sanduku la zana, akaomba kazi, hajaoa, hasemi, ruhusa yake huitaka mara moja tu kwa mwaka.

"Mwezi gani?"

Walicheka. Waislamu wenzake walijua: Shaabani.

Koplo alikuwa katikati ya daraja, amepiga magoti, akikaza waya kwa koleo. Ndevu zilimjaa upande mmoja wa uso. Upande wa pili, kuanzia shavuni hadi shingoni, ngozi ilikuwa imekunjamana kwa moto wa zamani, wala unywele haukuota. Mkono wake wa kulia ulikosa vidole viwili.

"Daraja zuri," Noa alisema.

"Lapitika." Sauti ilikwaruza.

"Mbona waya unazilaza kwa ndani?"

"Askari wakivuka gizani, nguo hukwama. Mmoja akikwama, kikosi kizima kimesimama nyuma yake, na adui ana bunduki."

"Hapa hapana adui."

"Mkono haujui hilo."

Noa akachutama mbele yake. "Mimi ni Sajini Noa, polisi wa Tanga. Nimekuja kwa ajili ya kisima kimoja Chumbageni." Mtu yule akaendelea kukaza. "Mpini wake umekatika. Umemuumiza mwenye nyumba mkono."

Koleo likasimama. "Mkono gani? Wa kushoto?"

Chini yao Sigi ulikuwa ukinguruma, maji ya masika, mekundu. Yule fundi alimkazia macho, kisha taratibu akayashusha, akajua kwamba ameshikwa.

"Mpini haukukatika," Noa alisema. "Na mwenyewe ni mzima. Nisamehe."

"Umenitega."

"Ndiyo kazi yangu. Jina lako ni Uweso bin Jumbe."

"Lilikuwa."

Sajini akakaa juu ya mbao, miguu ikining'inia juu ya maji. Hakutoa pingu wala kalamu. Alimwambia tu aeleze, naye Uweso, ambaye kiwandani walimjua kwa kutosema, akasema yote kwa mara moja.

"Tulikuwa wajenzi, sajini. Leo twatandaza daraja, wetu wanavuka, kesho twaambiwa tulilipue adui asilipate. Nimejenga madaraja mpaka nimechoka kuyahesabu, na sijui hata moja lililobaki. Tukaingia miji ya watu. Miji mizima, sajini, hapana mtu. Nyumba hazina mapaa, visima vimetiwa mizoga, magugu yameota vitandani. Watoto hawalii, jogoo hawiki. Nikaona kama dunia imekwisha na sisi tumesahauliwa ndani yake. Nikikuta ukuta umesimama, nauwekea kiganja hivi, nasema, wa kwangu upo. Ule wa Chumbageni upo, na mwenyewe yumo ndani. Nilikuwa sina kitu kingine."

Akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Halafu chombo chetu cha kuvushia kikapigwa bomu katikati ya mto. Wenzangu wote walikwenda na maji. Mimi nikaokotwa huko chini na kikosi cha Wahindi, nimeungua, koo limeungua, siwezi kusema hata jina. Nililazwa Bara Hindi muda mrefu sana. Nilipopata sauti nikatuma salamu na Miraji wa Pangani, alikuwa anarudishwa kwao: mfikie mke wangu, mwambie ni hai, anisubiri."

"Alifika?"

"Aliniahidi."

"Nauliza kama alifika."

Uweso alimtazama asielewe. "Kwa nini asifike?"

Noa akamwashiria aendelee.

"Nikarudi. Nilishuka stesheni, sikwenda popote, nikaenda nyumbani. Mlangoni nikamkuta bibi mzee simjui. Akaniambia mwenye nyumba yumo edani. Mimi nikachungulia juu ya bega lake, nikamwona. Kavaa nyeupe, kainama, mgongo kaupa mlango." Akaushika waya uliokuwa mbele yake. "Wewe si Mwislamu, sajini, labda hujui. Mwanamke hakai eda ila kaachwa au kafiwa. Mimi sikumwacha. Na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale mlangoni, mzima. Basi alikuwa na mume mwingine, naye kafa. Mume akipotea muda mrefu kadhi humfungua mke, najua, wala sikumlaumu. Lakini alikuwa kaletewa salamu zangu, na bado hakuningoja. Nikamuuliza bibi, alikuwa mwema kwake? Akasema mwema, akimpenda. Nikaomba maji."

"Hukuuliza jina la huyo mume?"

"La nini? Nilikuwa namwonea wivu maiti. Sikutaka na jina lake la kulala nalo."

"Na kila Shaabani ukarudi."

"Nyumba haikunikosea. Miaka ya kwanza nilikuwa nikiishia kona ya mtaa, mitatu hii ndiyo nimeingia. Komeo nililichonga mimi, nalifungua kwa kijiti. Najua siku hizo yuko kwao, ua hauna mtu. Natengeneza kilichoharibika, naushika ukuta, natoka kabla sijaonwa. Kama ni kosa, nifunge."

Noa alikuwa ameshawafunga watu wengi, na wengine aliwaonea huruma, lakini hakuwahi kubeba neno zito kama alilokuwa nalo ulimini wakati ule. Alilichagulia njia fupi.

"Mimi jina la yule mume ninalo. Uweso bin Jumbe."

"Usinitanie, sajini."

"Jeshi lilichelewa kuleta habari, nayo ilisema umekufa maji na wenzako wote. Miraji wako hakufika Chumbageni, hakufika mtu. Nyeupe ile aliivaa kwa ajili yako. Yule mwema aliyempenda ni wewe."

Koleo liliteleza, likapita kati ya mbao mbili, likazama mtoni. Uweso hakulitazama. Kifua chake kilipanda na kushuka kama cha mtu aliyetolewa majini.

"Akaolewa lini, basi?"

"Hajaolewa."

"Hata baada ya hapo?"

"Walimposa, akawarudisha."

Ndipo Uweso akainamisha kichwa juu ya waya zake zisizochoma akalia, kwa sauti, mtu mzima, na wapasua mbao waliokuwa ukingoni wakageuka upande mwingine kwa heshima. Miaka minane alikaa mwendo wa nusu siku kutoka kwa mke wake. Miaka minane, kwa sababu ya hesabu aliyoifanya mlangoni, nayo ilikuwa hesabu sahihi kabisa, ila alisahau kujihesabu mwenyewe miongoni mwa wafu.

Jumatatu walishuka na lori la alfajiri. Muheza, Uweso aliomba wasimame msikitini, akatoka na jibu la shekhe: maadamu mwanamke hakuolewa na mwingine, ni mke wako, nenda nyumbani. Lakini basi lilivyozidi kukaribia Tanga ndivyo alivyozidi kuuvuta ukosi wa shati ufunike shavu lililoungua.

"Shekhe karuhusu," Noa alimwambia.

"Shekhe si mwenye nyumba."

Chumbageni walimkuta Shehe barazani mapema, tayari kwa baraza la Liwali, na mkononi ana kufuli jipya. Alipomwona sajini alisimama kwa haraka.

"Umempata? Ni Abrahamu, sivyo? Nilikwambia..." Macho yake yakahamia kwa yule mwenye ndevu za upande mmoja. Yalikaa hapo. Yakashuka kwenye mkono, yakapanda tena usoni, upande uliopona. Kofia ilikuwa imemkaa vilevile, lakini uso chini yake ulibadilika ukawa wa mdogo mtu. "Kaka?" alisema, kwa sauti ndogo kabisa.

Uweso alimshika bega akampita. Yatakayozungumzwa kati yao yangengoja. Alisimama mbele ya kizingiti alichokipanga mwenyewe, asikivuke, na Noa akabaki nyuma yake.

Uani, mpini wa kisima ulikuwa ukizunguka.

"Hodi," Uweso alisema.

Bi Kijakazi aliinua kichwa kutoka kwenye ukili. Alisikiliza kitambo, kana kwamba lile neno bado lilikuwa likining'inia hewani.

"Sauti hiyo naijua," alisema. "Wewe ndiye yule askari wa maji."

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Na leo wamtaka nani?"

"Mwenye nyumba."

Mpini ukasimama.

Bibi hakuwa ameambiwa lolote na mtu, ila alikuwa amekaa mlango ule miaka mingi, na huenda naye alikuwa na hesabu yake. Aliuvuta mkeka wake pembeni, akaacha njia.

"Edani katoka siku nyingi, mwanangu," alisema. "Pita."

Ndani, ndoo iliachiwa, ikashuka na kamba yake yote, ikapiga maji. Uweso alivua viatu, akavipanga pembeni mwa mlango pale alipokuwa akivipanga zamani, akaingia.